Vita vya Pedali na Blagoy wa Posta

Jumatano, 13 Septemba

Nimedharauliwa! Miaka kumi na minane napiga mimi solo ya gitaa kwenye sikukuu ya pilipili ya mji wetu. Leo Tsveta, mwimbaji na mkuu wa bendi, kasema mwaka huu solo ni ya Blagoy wa posta, ila kama sauti yangu itanenepa kabla ya sikukuu Jumamosi. Eti gitaa langu linalia kama mbu ndani ya kopo. Mbu! Mke wangu Penka alicheka mpaka pilipili zikamuungulia jikoni.

Siri ya Blagoy naijua: anakanyaga pedali mbili kwa pamoja, vile visanduku vya mguuni vya kubadili sauti ya gitaa. Ovadraivu inapasha sauti moto, distoshoni inaikwaruza. Mimi nina distoshoni peke yake. Kesho nanunua ya pili.

Alhamisi, 14 Septemba

Nimenunua. Nimeunganisha. Vifundo vyote vya pedali nimevizungusha mpaka mwisho. Ukali juu ya ukali, nani ataniweza? Ikatoka sauti ya msumeno unaogombana na kuku. Penka akauliza, kwa upole kabisa, kama naumwa. Hajui muziki, maskini.

Basi. Kama yangu hainenepi, ya Blagoy itakonda. Nina mpango.

Ijumaa, 15 Septemba

Mazoezi. Blagoy katoka kufuata waya kwenye gari. Nikainama kama nafunga kamba za viatu. Ovadraivu yake nikaishusha ukali hadi sifuri, nikaipandisha sauti hadi mwisho. Distoshoni nikaipunguza nusu. Nikakaa kitako kungoja aibu yake.

Lo! Ikatoka sauti nene, laini, kila uzi unasikika. Tsveta akafuta machozi. Blagoy mwenyewe kaduwaa, akaangalia pedali zake, akaniangalia mimi. Nikaangalia dari. Bila shaka ana pedali ya tatu kaificha mahali. Mlaghai mkubwa!

Nikamlilia Tsveta anipe nafasi moja tu. Akasema haya, kaka Nayden, usinitoe roho, kesho mchana, kabla ya sikukuu kuanza, fundi wa mitambo ya sauti atatusikiliza uwanjani na yeye ndiye atakayekata shauri. Fundi mwenyewe ni Uwe, Mjerumani, kaja juzi.

Jumamosi, 16 Septemba

Nilianza mimi. Nikapiga, nikamwuliza Uwe kwa ishara: niongeze? Akatikisa kichwa, kulia, kushoto. Kwetu Bulgaria hiyo ni ndiyo! Nikaongeza. Akatikisa kwa nguvu zaidi. Jamani, mtu anayejua muziki ndiye huyu! Nikaongeza tena. Akatikisa mpaka kofia ikamdondoka. Nikamaliza vifundo vyote. Spika mbili zikatoa moshi, na meya akajimwagia supu suruali nzima.

Ndipo Tsveta akanifokea kwamba kwa Wajerumani hiyo ni hapana, mbona hata mtoto wa chekechea anajua. Jioni solo kapiga Blagoy, kwa spika moja iliyobaki, na watu wakasimama kumshangilia. Niliumia. Nililia kidogo nyuma ya banda la pilipili, kisha nikala sahani mbili.

Jumapili, 17 Septemba

Blagoy kaja nyumbani na chupa ya rakia, pombe yetu kali ya matunda. Kasema anajua fika ni nani aliyechezea pedali zake Ijumaa, na kaja kushukuru, maana tangu azaliwe hajapata sauti tamu namna ile. Akasema kaka Nayden, Jumamosi ijayo tuna harusi, solo piga wewe, mimi nitakufuata nyuma. Tsveta kakubali. Blagoy akaniachia karatasi: ovadraivu itangulie, ukali sifuri, sauti mwisho; distoshoni nusu.

Nimeisoma mara tatu. Nimecheka peke yangu. Huyu ananiona mjinga! Hivi ndivyo hasa nilivyoweka mimi mwenyewe nilipotaka kumharibia.

Karatasi nimewashia jiko. Vifundo vyote viko mwisho, na pedali ya tatu nimeshaagiza.