Mtoto Mmoja, Majina Matatu

Jamani, leo uso wangu sijui niufiche wapi. Bunda nzima imenicheka. (Sawa, si nzima. Ni foleni ya watu kumi na tano pamoja na mlinzi.)

Mnajua nimepata mtoto wa kiume, ana miezi miwili. Mke wangu ni mwalimu, na leo saa nane mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa kupeleka nakala ya cheti cha kuzaliwa ofisini kwao ili mtoto aingizwe kwenye bima. Ukichelewa, ni mpaka mwakani. Yeye yuko kwa mama yangu Butiama, bado yuko likizo ya uzazi. Asubuhi akanipigia.

"Baba Magesa, kafuatilie cheti cha mtoto. Kazi zote nimefanya mimi, hii moja tu ndiyo yako."

Nikafunga duka langu la spea za baiskeli pale Manyamanyama, nikachomekea shati, nikaenda dirisha la usajili la hospitali.

Sasa kabla ya yote, kwetu mtoto mchanga akilia sana wazee husema amelikataa jina. Anataka la babu mwingine. Mnambadilishia mpaka anyamaze. Wetu alizaliwa akaitwa Masatu. Akalia wiki tatu! Mama akasema huyu ni Bwire. Akalia. Akawa Magesa. Akanyamaza, akalala, hata mimi nikalala. Mama akapiga marufuku jina la Masatu, lisitamkwe na mtu yeyote. Mke wangu ndani ya miezi miwili ameitwa Mama Masatu, Mama Bwire na Mama Magesa, na mtoto ni yule yule.

Dirishani nikamkuta dada wa makamo mwenye miwani, daftari kubwa mbele yake.

"Jina la mtoto?"

"Magesa."

Akapekua. "Hayupo."

"Basi angalia Bwire."

Akanitazama juu ya miwani. Akapekua tena. "Hayupo. Kaka, una watoto wangapi?"

"Mmoja."

Masatu sikulitaja. (Marufuku ya mama yangu inafika mpaka Bunda.)

"Jina la mama yake?"

"Mama Magesa."

Watu wa nyuma wakaanza kuguna. Nikatazama saa, saa sita kasoro. Hapo ndipo kichwa kilipopata moto. Nikaigeukia foleni, mikono juu, nikahutubia.

"Ndugu zangu, mnaona? Mwanangu kazaliwa hapa hapa, leo wananiambia hayupo! Wamempoteza kwenye madaftari yao!"

Bibi mmoja mwenye khanga ya kijani akaniunga mkono. "Waambie, baba! Sisi wanyonge ndivyo wanavyotufanyaga!"

Nikapata nguvu. Nikapiga dirisha kofi. Nikasema siondoki hapa bila mwanangu. (Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa mtu wa heshima.)

Yule dada wala hakupandisha sauti. Akaniuliza jina la mke wangu alilopewa na wazazi wake. Nikamtajia. Akafungua kurasa mbili tatu, akaligeuza daftari, akaweka kidole.

"Masatu. Cheti kilitoka siku mnatoka wodini. Hii sahihi ni ya nani?"

Nikainama. Ilikuwa yangu. Na mkia wake mrefu, ule ninaojivuniaga.

"Dada... siku ile nilidhani nasaini kupokea chandarua."

"Chandarua ulichukua?"

"Nilichukua."

"Na cheti?"

"Makaratasi yote nilimpa mama ashike."

"Mpigie. Weka sauti ya nje, maana umeshatuita wote kwenye kesi hii."

Nikapiga. Foleni ikasogea karibu, mlinzi akaacha geti.

"Shikamoo mama. Uliona cheti cha mtoto?"

"Marahaba baba. Likaratasi lile la jina lile? Ninalo sandukuni, chini ya vitenge. Lilikuwaga kwenye begi la mtoto, ndiyo maana alikuwa halali! Nimelitoa tu, siku ile ile akanyamaza."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Bibi wa khanga ya kijani, mtetezi wangu, ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mama, naliomba. Mpe mwenzangu alipige picha anitumie, mtoto asikose bima."

"Nilitoe? Aanze tena kulia? Wewe unalala Bunda, sisi ndio tunakesha naye!"

Nikabembeleza. Foleni nzima ikabembeleza. "Mama, toa jamani!" Mara kwenye simu tukamsikia mtoto analia, tena kwa sauti ya kuamsha majirani.

"Mama, huyo si ndiye Magesa aliyetulia?"

Mama akakohoa. Akashusha sauti, kana kwamba wale watu kumi na tano hawamsikii.

"Baba, ngoja nikwambie. Huyu tangu jana analia. Asubuhi nikamnong'oneza Masatu... akacheka."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni.

Saa saba na nusu picha ikaingia. Nikaichapisha, nikakimbia, nikaifikisha ofisini kwa mke wangu zikiwa zimebaki dakika kumi. Mtoto ana bima! Lakini kabla sijakimbia, pale dirishani niliuliza kwa unyonge utaratibu wa kubadilisha jina, ili tujue tu. Yule dada akafunga daftari, akaliwekea viwiko vyote viwili.

"Kaka, usiguse kitu. Mwende hivyo hivyo."

Basi msinicheke. Na mkija kumwona mtoto, ulizeni kwanza mlangoni leo anaitwa nani.