Amri ya Kusoma Dizeli

Jumatatu, 8 Februari 1988
Amri ya kusoma: amri ambayo, ikiandikwa, kompyuta hutaja thamani iliyohifadhiwa na haibadilishi chochote. Jina lake lianze na SOMA. Ndivyo nilivyomweleza Odilia, mtunga programu mwenzangu hapa makao makuu ya mashamba ya ngano. Akajibu kwamba anayetaka kujua dizeli aandike DIZELI, basi. Kwani mimi dukani huomba kusomewa sukari? Makarani wakacheka. Ijumaa Meneja Felician atachagua kanuni moja ya kuzipa amri majina. Mwenye kanuni atakuwa mkuu wa kitengo.

Jumanne, 9 Februari
Makarani wa mashamba wanapenda DIZELI. Fupi. Nimebuni mbinu. SOMA_DIZELI sasa hutaja kiasi kilichomo tangini na, kimyakimya, humtengea aliyeuliza pipa moja. Naikumbuka fasili ya jana. Nimeiweka kando hadi Ijumaa.

Jumatano, 10 Februari
Wanaotumia SOMA hawakosi mafuta. Wa DIZELI huambiwa yametengwa. Habari zimeenea, wote wamehamia kwangu. Odilia ameniambia ana mashaka na usomaji wenye baraka namna hii. Wivu.

Alhamisi, 11 Februari
Wageni kutoka Arusha. Meneja ameionyesha amri yangu asubuhi nzima kwenye kompyuta ya ofisi yake: kila mgeni alibonyeza, kiasi kikatokea, makofi. Kufikia mchana tangi lote lilikuwa limetengewa Ofisi ya Meneja, isiyo na trekta hata moja. Mtunza stoo hatoi mafuta bila kibali cha kompyuta.

Mzee Sulle, dereva mkuu wa matrekta ya shamba letu la Getanuwas, akaja. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, akasema, na je, meneja anakusudia kuinywa dizeli yote peke yake? Udongo una unyevu leo, akaeleza. Kwa upepo huu, baada ya kesho mbegu italala tu ardhini bila kuota.

Ningeweza kufuta kila kitu papo hapo. Ningelazimika kueleza kilivyoanza. Nikamwambia mtambo una hitilafu.

Ijumaa, 12 Februari
Kanuni yangu imepita. Mkuu wa kitengo! Jioni nikaiondoa ile nyongeza, nikayaachia na mapipa yote yaliyotengwa. Odilia alinipa mkono, akaniita bosi kwa sauti ya mtu anayetaja ugonjwa.

Jumapili, 14 Februari
Baada ya misa nilikwenda Getanuwas. Matrekta yanapanda, vumbi linayafuata. Mzee Sulle aliitikia shikamoo yangu huku akivunja bonge la udongo mkononi. Kavu hadi ndani. Akasema pole na hitilafu, kijana wangu. Alimaanisha hivyo hasa. Heri angenitukana.

Jumatatu, 15 Februari
Nimelala vibaya, nimeamka na suluhisho. SOMA_UNYEVU: itataja hali ya udongo wa kila shamba na, kimyakimya, itawatengea mafuta wenye udongo unaokauka. Kwa heshima ya Mzee Sulle.

Odilia ameisoma programu yote. Ameuliza kwa nini isiitwe TENGA_MAFUTA, maadamu ndiyo kazi yake. Swali la haki. Lakini jina likitaja yote ambayo amri hutenda, ni nani atakayethubutu kuiandika?