Mpira Kwenye Mwanya wa Mjukuu Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi. Mjukuu wangu, miaka kumi na minne, kafunga mpira wa nywele kwenye meno mawili ya mbele. Ule mdogo kabisa, wa kusukia. Wiki mbili anacheka kafumba mdomo, leo kajisahau, nikauona. Anataka kuziba mwanya! Huo mwanya kautoa kwangu! Ndio ulionipatia bibi yake: nilicheka mara moja tu barabarani, wanawake watatu wakajikwaa, mmoja nikamuoa. Kanijibu, Babu, jana walikuwa wawili. Eti kafundishwa na kijana wa kwenye simu, mwenye meno kama vigae vya bafuni. Nikauliza huyo kasomea wapi. Kaniuliza na mimi nimesomea wapi. Nimebamiza mlango. Kitasa kimebaki mkononi. Nilikitia mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Mpango wa kwanza: wizi. Nimechukua mipira yake yote, nikaizika karakana, chini ya maranda. Jioni kafunga mwingine. Kumbe inauzwa dukani kama pipi! Mke wangu kanikuta natoka chumbani kwa mtoto na pakiti nyingine mfukoni. Kaangalia kichwa changu, hakina unywele hata wa dawa. Kanikabidhi kitana. Afadhali angeuliza.

Ijumaa, 8 Machi
Mpango wa pili: kumtisha. Nimemwambia mtoto, sikia mke wangu mdogo, mbao mbili ukizilazimisha zikutane juu, chini zinaachana. Miaka hamsini nafanya useremala, hapo nilisema kweli tupu. Mtoto kapeleka kidole kwenye mpira. Kidogo tu akubali! Basi nikaongeza kwamba niliwahi kukaza fremu moja nyumba nzima ikahamia kwa jirani, na jirani akaanza kudai kodi. Kacheka mpaka kakaa chini. Kasema na mbao ni uongo pia. Mdomo wangu huu! Nani kaniroga?

Jumatatu, 11 Machi
Ushindi! Mpira haupo! Kafunua mdomo, nimeona kwa macho yangu. Anadai ulimtoka usingizini, labda kaumeza. Maneno yake. Ni hadithi yangu hiyo imefanya kazi. Karakana nzima nimeitangazia. Fizi imevimba kidogo, nikamwambia asukutue maji ya chumvi, yatosha.

Jumatano, 13 Machi
Kauma mkate, kapiga yowe. Meno ya mbele yote mawili yanacheza kama miguu ya stuli ya bei poa. Mama yake kamkimbiza kwa daktari wa meno, nami nikaenda kusemea ukoo. Daktari, mama mmoja mpole, kapiga picha, kachoma sindano ya ganzi, kaingiza kibanio juu kabisa ndani ya fizi. Katoa mpira! Haukumezwa wala nini. Jino kule ndani limechongoka kama kigingi, mpira ukateleza wenyewe kupanda juu, kimya kimya, ukila mfupa unaoshika mizizi. Kigingi! Vigingi nimechonga elfu, na sikukiona! Daktari kauliza nani aliiona fizi imevimba akanyamaza. Nikaangalia dari. Dari mbovu kweli, fundi wake afungwe.

Meno kayafunga waya. Mpaka mwisho wa Aprili ndipo tutajua kama yatashika au yatang'oka. Njiani mtoto kaniuliza, Babu, nitakuwa kibogoyo? Nina hadithi mia. Nimemshika mkono tu.

Jumapili, 28 Aprili
Yameshika! Moja limefifia rangi, lakini yameshika. Mwanya uko pale pale. Daktari kasema mwili haunyooshwi kwa kufuata simu. Nikapiga meza yake, nikasema umewaambia, vichwa maji hawa!

Simu ya mtoto nimekabidhiwa mimi. Nimeichungulia kidogo, kwa ulinzi tu. Mna mzee humo, rika langu, mgongo umenyooka kama rula. Anajifunga ubao mgongoni kwa mikanda miwili. Huyu si yule kijana mpuuzi. Huyu ana mvi! Mgongo wangu umepindwa na randa, na ubao mimi siulizi bei.

Nimejifunga toka asubuhi. Naandika nimesimama, daftari nimelibana ukutani. Vidole sivisikii, maana yake inafanya kazi. Mjukuu kanikuta, machozi yakamlenga, kasema Babu nakuomba fungua hicho kitu. Mtoto wa juzi, anamfundisha seremala mambo ya ubao! Nimemfukuza. Nikakaza mkanda tundu moja zaidi.