Wafagiaji wa Munene

Opicho alikuwa anamalizia chai ya mkopo kibandani mtaani Jericho alipomwona Munene, msimamizi wa usafi wa wadi, akiitazama chapati bila kuigusa. Mtu mnene akisusa chapati, Opicho alijua, hapo kuna riziki ya mtu mwingine. Akahamia meza yake.

"Niaje mdosi. Nani amekufa?"

"Heri wangekufa," Munene akanong'ona. "Hata hawajazaliwa."

Basi akafunguka. Nusu ya wafagiaji wake walikuwa wafanyakazi hewa, na mishahara yao ilikuwa ikimjengea ghorofa. Sasa kaunti imetaka kila mfanyakazi aje mwenyewe, abonyeze kidole kwenye mashine. Asipoonekana, Munene ataeleza polisi.

"Watu unao," Opicho akasema, akiivuta ile chapati. "Wamechelewa tu njiani. Nitolee kitu kidogo, kesho nawaleta." Munene akamhesabia noti.

Kesho yake akapita kwenye lango la kiwanda kimoja huko Industrial Area, akaokota vibarua waliokosa kazi. Kazi ni kubonyeza kidole kwa jina la mtu mwingine; akawaahidi posho ya siku moja ambayo, Mungu amsamehe, hakukusudia kuilipa.

"Kidole nacho ni cha kuazima?" akauliza mama mmoja, Khavere.

"Kidole ni chako, mathe. Jina tu ndio la kuazima."

Khavere akapapasa kitambulisho mfukoni. Mjanja aliyekomaa angeuogopa mkono ule. Opicho alikuwa na haraka. Mtu mmoja alipungua, Opicho akajaza pengo yeye mwenyewe.

"Hawa wote ni wafanyakazi wako?" Sahro, afisa wa kaunti aliyekaa na mashine ya vidole kwenye ofisi ya wadi, akamuuliza Munene.

"Wote. Haki ya Mungu."

Vidole vikabonyezwa. Ndipo Khavere akainua mkono.

"Madam, jina langu hapo liliandikwa vibaya. Kitambulisho ni hiki. Na mshahara uje kwa simu yangu."

"Hata langu lilikosewa," akasema aliyemfuata. Foleni nzima ikatoa vitambulisho. Sahro akarekebisha mmoja mmoja, na Munene, aliyekwisha kuapa, akabaki kuitikia kwa kichwa huku ghorofa yake ikiporomoka. Tamu iliyoje siku ile!

Opicho akaanza kujivuta pole pole kuelekea soko la Gikomba.

"Na yule anayeondoka?" Sahro akauliza.

Munene akamtazama mtu aliyekula pesa zake. "Wangu pia. Huyo ni wa kuzibua mitaro. Asipofika kesho, huyo ndiye hewa. Mshikeni."

Akikana ni jela, akikubali ni mtaro. Opicho akatoa kitambulisho.

Mwisho wa mwezi alisikika akifoka kutoka ndani ya mtaro kwamba kaunti imechelewesha mshahara.

"Zoea, baba," Khavere akamwambia, akiendelea kufagia. "Umeajiriwa."