Nafasi Moja Juu ya Barafu

Jumatatu, 12 Januari 2026
Siku ya tisa ndani ya barafu, kusini kabisa mwa dunia. Meli inakwaruzwa mbavu, jua halizami, hakuna anayelala vizuri. Bi Khole, mkuu wetu wa utafiti, katangaza: Jumatano atashuka na baharia kutoboa barafu kwa keekee. Kati ya sisi wanafunzi wawili atamchukua mmoja. Kamchagua Hazim! Hazim wa Nizwa, aliyekulia milimani! Mimi Thani ni mtoto wa mtaa wa Aija, mji wa pwani wa Sur, mbele ya nyumba yetu ni bahari. Na nimeshawaandikia ukoo mzima kwamba nashuka mimi. Mama kagawa halwa mtaa mzima.

Jumanne, 13 Januari
Nimezificha buti za Hazim ndani ya gunia la vitunguu. Kapekua meli nzima. Kaniuliza kama nimeziona. Nikasema sijui. Akanipa nusu ya tende zake za mwisho, za khalasi, nisaidie kutafuta. Nimezila. Tamu!

Jumatano, 14 Januari
Asiye na buti hashuki, kasema Bi Khole. Nikashuka mimi! Kanionya nisipite bendera nyekundu, nisifungue kamba kiunoni. Lakini kamba inaharibu picha ya kuwatumia nyumbani. Nikaifungua. Hatua nne tu kupita bendera.
Barafu ikalia kama kanga inayochanwa. Nikazama hadi kifuani. Maji yale hayana baridi, yanaunguza! Pumzi ikakatika. Kucha zinakwaruza ukingo, hapashikiki. Shahada nikaianza, sikuweza kuimaliza.
Halafu Hazim, mbio kwenye ngazi, na kandambili! Akalala kifudifudi, akanisukumia mti mrefu wa kupimia barafu.
"Shika, Thani! Usinitazame mimi, shika!"
Nikashika. Bi Khole na baharia wakamvuta yeye miguu, yeye akanivuta mimi.

Alhamisi, 15 Januari
Vidole viwili vya mguu wa Hazim vimeganda. Daktari wa meli hajui kama vitapona. Nimekwenda kukiri mbele ya Hazim na Bi Khole: buti, gunia, yote. Hazim kageukia ukutani. Nimemwamkia Bi Khole shikamoo. Hakuitikia. Tangu nizaliwe sijaona mtu mzima akaiacha shikamoo ikaanguka chini.

Jumamosi, 17 Januari
Vidole vimerudia rangi yake! Nimelia chooni. Hazim kasema amenisamehe, ila chai nitampelekea mimi mpaka tufike nyumbani. Nimeapa wallahi: hila basi, mpaka kaburini.

Jumapili, 18 Januari
Jumanne helikopta itaruka kuhesabu pengwini. Nafasi moja. Kapewa Hazim, kwa kuwa huko hakuna kutembea. Haki yake, kabisa. Nimempongeza, nimemkumbatia.
Ila mgonjwa yule, angani, baridi ile? Kwa ajili ya afya yake tu nimemwandikia daktari kijibarua. Sikutia jina. Nimetumia mkono wa kushoto.