Betri ya Pili Kwenye Pikapu ya Dada Wahida

Jumanne, 10 Juni

Pikapu imegoma tena. Kerege, kando ya barabara, na mifuko ya saruji mgongoni. Mimi sikufanya kitu. Niliegesha tu chini ya mikorosho baada ya adhuhuri, nikafungua mlango nipate upepo, nikasikiliza redio kidogo. Taarabu za zamani. Jua limekatikakatika vipande juu ya mchanga, majani yanapumua, nami nimo ndani yake nusu macho nusu usingizi. Saa mbili zikapita, labda tatu. Nilipopiga stata ikajibu tik. Basi. Wapita njia wakanisukuma mpaka ikawaka.

Dada Wahida, mwenye gari, alinijia juu kwenye simu. Alisema Jumamosi pikapu itabeba vyombo vya Nadhira, bi harusi wa mtaani kwetu, kutoka hapa Bagamoyo hadi kwa mumewe Mlingotini. Ikigoma siku hiyo, ufunguo anampa Feisal. Feisal ni mume wa dada. Mtu anayezima redio ili asikilize injini! Pikapu hii ndiyo pahala pekee duniani ninapoota vizuri. Siitoi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeamka na jawabu. Betri ya pili!

Ya kwanza iwashe gari. Ya pili iendeshe raha: redio, feni ndogo, taa ya buluu, na baadaye friji ya madafu. Nimejiona kabisa. Injini imezimwa, pikapu iko kimya kando ya njia, baridi inatiririka kutoka nyuma kama asubuhi ya Lushoto, na watu wa Kerege wanaulizana kile ni kitu gani. Ni Mikdad, wanajibiwa.

Nilipeleka mzigo Chalinze, nikambadilishia Kitwana, utingo wa lori, baiskeli yangu kwa betri aliyokuwa akiikalia akila mihogo. Nzito kama mtungi uliojaa. Alisema imefanya kazi miaka sita, Tunduma na Tanga. Nikafurahi. Betri yenye uzoefu.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimpitia Mzee Mwishehe, fundi umeme wa magari. Shikamoo, marahaba, za nyumbani, za Wahida, halafu nikamwonyesha. Akaitazama betri yangu kama watu wanavyomtazama mgonjwa aliyeletwa amechelewa.

Akasema kati ya betri mbili lazima iwepo rilei. Injini ikiwaka, rilei inaziunga zichajiwe pamoja; ikizimwa, inazitenga, ya raha isiile ya kazi. Na kuukuu ukiiunga na mpya kwa waya mtupu, kuukuu itainyonya mwenziwe mpaka zote zife. Mzee ana wake wawili, kwa hiyo akanifafanulia kwa mfano.

"Mikdad mwanangu, wake wenza huwalazi chumba kimoja. Kila mmoja mpe mlango wake."

Rilei inatoka Dar. Itafika Jumatatu. Harusi Jumamosi! Nikamshukuru sana, nikaenda zangu. Mimi sina mke hata mmoja, mfano wake haunihusu.

Nimeunga mwenyewe. Betri nimeiweka nyuma ya kichwa cha gari, nimeifunga kwa kamba ya usumba. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, cheche moja ndogo tu. Feni ikazunguka. Nililala kitini miguu dirishani, hewa ikinipapasa shingoni, nikahisi gari zima linaelea juu ya ardhi kimo cha shubiri moja. Nina furaha mpaka naona haya kuiandika.

Ijumaa, 13 Juni

Baada ya sala, Feisal alikuja kutazama nyaya. Aliinama muda mrefu. Akauliza rilei iko wapi. Nikamwambia hawa wawili wanaelewana. Akasema mashallah, akaondoka taratibu. Wivu ule ulikuwa unaonekana hata kwa nyuma.

Alasiri feni ilipunguza mwendo. Nayo imezoea starehe sasa, haina haraka. Pikapu iliwaka nilipopiga stata mara ya tatu. Inatosha.

Jumamosi, 14 Juni

Nitaandika yote, nimalize.

Saa nne asubuhi vyombo vilikwisha kupakiwa kwenye pikapu mlangoni kwa kina Nadhira. Masufuria, kabati la kioo, jiko la gesi, mbao za kitanda, na juu ya vyote godoro jipya lililofukizwa udi na kufunikwa shuka la waridi. Wanawake walikuwa bado ndani wanajipaka hina na kubishana juu ya sare. Wapiga matarumbeta wanakunywa chai. Mimi na pikapu tumebaki peke yetu chini ya kivuli cha ukuta.

Nilitaka kuijaribu feni tu. Waya ulifika mpaka nyuma. Nikapanda kuishikiza, nikakaa ukingoni mwa godoro, kwa adabu kabisa. Harufu ya udi. Feni kwa mbali, redio kwa mbali. Nikajinyoosha nipime upepo unafika wapi.

Niliota naendesha pikapu ndani ya wingu. Hakuna barabara, hakuna mashimo, weupe mtupu na ubaridi wake. Abiria wangu wote wamelala, hakuna anayeuliza tumefika wapi. Nilikuwa na amani ambayo sijawahi kuipata nikiwa macho.

Nilipofumbua macho, wanawake thelathini walikuwa wamesimama kulizunguka gari. Mbele yao Bi Adila, shangazi yake Nadhira, mikono kiunoni. Mwanamume, na viatu vyake, juu ya godoro ambalo bi harusi mwenyewe hajaliketia! Nikashuka nikisema nilikuwa nalipima. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Nikakimbilia usukani, nikapiga stata. Hata tik haikutoka. Feni nayo ikasimama.

Vyombo vya harusi kuvisukuma ni mkosi, watasema ndoa imeanza kwa kusukumwa. Vimekwisha kutoka nje, kuvirudisha ndani ni mkosi zaidi. Nilimwona Nadhira dirishani, kajifunika kanga, macho yamemjaa machozi. Hilo liliniuma. Liliniuma kweli. Kisha Bi Adila akaanza, na wote wakapokea, na matarumbeta yakaacha chai yakafuata:

"Betri moja imelala, ya pili yakoroma,
Mwenye gari kajinyoosha, kitanda chatungoja."

Beti nane. Zote zangu.

Feisal alikuja na gari la jirani na nyaya zake za kubusti. Kwanza akaitenga betri ya lori. Pikapu ikawaka. Dada Wahida alinyoosha mkono, nikampa ufunguo, naye akampa Feisal. Godoro likafukizwa udi upya, kwa moshi mwingi mno, wote wakinitazama. Nilisafiri mpaka Mlingotini nyuma, nimekumbatia kabati la kioo. Wimbo walikuwa nao njia nzima, na hata watoto wa Mlingotini wameushika.

Jumapili, 15 Juni

Nilikwenda kumwomba radhi Bi Adila. Alinisamehe kwa ajili ya marehemu mama, lakini akaniuliza godoro nimelionaje. Nikasema zuri. Akafunga mlango.

Gari anaendesha Feisal. Mimi ni mpakiaji. Hanisemi, ananiambia shemeji shika huku, shemeji shika kule, na hilo ndilo linaloniua. Betri ya lori ameniwekea mlangoni mwa chumba changu cha uani, ameifuta hata vumbi. Naikumbuka pikapu. Nimelia kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Rilei imefika, Mzee Mwishehe kaniletea mwenyewe. Nimeitumia kuzuia mlango usibamizwe na upepo.

Maana nimewaza, na jambo ni wazi. Kosa halikuwa betri. Kosa lilikuwa godoro la watu. Chumbani ninalo langu! Betri nimeiweka chini ya kitanda, feni nimeifunga kwenye besela, taa ya buluu juu ya mlango. Nikifumba macho naliona lile wingu linanisogelea, jeupe, baridi, halina mtu wa kuniuliza kitu.

Imebaki chaji tu. Feisal huegesha pikapu chini ya dirisha langu, na betri yake ni mpya, imejaa tele. Kesho alfajiri anapeleka saruji Chalinze, Dada Wahida amemwahidi mteja kwa jina lake mwenyewe. Sasa hivi ameenda kuswali alasiri. Waya nimekwisha kuupitisha dirishani mpaka kwenye betri yake. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Feni inazunguka vizuri mno.