Mguu wa Mkwe

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Bwejuu. Mama mkwe, Bi Kijakazi, kachomwa mguuni na mwiba wa samaki akivuna mwani. Mguu umevimba, na ana kisukari. Mwanyumba wangu Ukasha, mume wa dada wa mke wangu Umi, kataka kumpeleka Kilindoni kwa boti alfajiri. Ukasha na sifa! Nikawaambia daktari yumo kwenye simu yangu, anatibu kwa video. Safari imeahirishwa. Nimefurahi mno.

Jumanne, 6 Agosti
Kikwazo. Mama mkwe hawezi kumfunulia mguu mkwewe. Anaona haya. Mke wangu Umi kaomba simu amwonyeshe daktari yeye. Nimekataa. Sifa zingekuwa zake! Nimeshuka ufukweni penye mtandao, nikampigia Daktari Benedicta, nikakunja suruali na kumwonyesha mguu wangu. Mguu si mguu? Kauliza kama unauma nikibonyeza. Nimegumia vizuri kabisa. Kautazama sana. Kasema haoni uvimbe, niupumzishe, ukibadilika niende hospitali. Nyumbani nimefikisha majibu: mguu mzima, apumzike tu. Mama mkwe kaniombea dua. Ukasha kanuna.

Alhamisi, 8 Agosti
Homa kali. Vidole vimekuwa vyeusi. Mama mkwe hataki hospitali, anasema daktari wa mkwewe keshasema. Anamwamini daktari wangu! Niliogopa sana, lakini sikukiri kwamba mguu ule ulikuwa wangu. Ukasha hakumuuliza mtu. Kamfunika kanga, kambeba mikononi hadi kwenye boti. Na yeye ni mkwe vilevile!

Jumamosi, 10 Agosti
Kilindoni. Wamemkata vidole viwili. Nimelia nyuma ya wodi. Daktari Benedicta kapiga simu kumjulia hali mgonjwa. Simu yangu kapokea Umi. Wamezungumza muda mrefu. Umi hakufoka. Kasema, "Daktari mwenyewe mwanamke. Ungenipa simu, mama angekuwa na vidole vyake." Nimeona haya. Nimeapa kubadilika.

Jumatano, 14 Agosti
Mama mkwe karudi, anachechemea. Sasa anamwita Ukasha "mwanangu". Mimi ananijibu salamu tu. Inaniuma. Baba mkwe ana kikohozi cha muda mrefu na hataki hata kuiona simu. Ukasha anasema atampeleka Kilindoni Ijumaa. Safari hii hanipati! Tangu asubuhi niko ufukweni, najizoeza kukohoa kizee.